Kumfundisha Mkunga: Siku Moja, au Kidogo Kidogo?

Leo twapenda kunena juu ya jambo liwahusulo walimu wa wauguzi, ingawa atakayepata faida au hasara yake ni mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Wasikilizaji wetu wa Serengeti wakijua chuo cha Kisare kilichoko Mugumu. Na wa Tarime wakijua cha Shirati, mahali palipokuwa katika wilaya yao mpaka Rorya ilipotengwa mwaka 2007. Katika vyuo vya namna hii mafunzo huanzia darasani: mwalimu hunena, mwanafunzi huandika. Hatulidharau somo hilo. Lakini mtoto azaliwapo bila kupumua, dakika ya kwanza, ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu, haina nafasi ya kufunua daftari. Sharti akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipopumua bado, atiwe hewa kwa mfuko na barakoa. Mikono ya namna hiyo hufundishwaje?

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara, imejaribu njia mbili. Mwaka 2010 wahudumu wake walifundishwa siku moja kwa sanamu ya mtoto mchanga. Miezi saba baadaye walipimwa: waliofaulu kuitia hewa sanamu ile walikuwa 74 katika kila 100, na kabla ya mafunzo walikuwa 18 tu. Bila shaka ni habari njema! Lakini watazamaji waliokaa katika chumba cha kuzalia, saa mkononi, waliona mengine: watoto halisi waliotiwa hewa hawakuongezeka, na waliosuguliwa walipungua. Ujuzi ulibaki kwa sanamu.

Tangu Februari 2011 njia ikageuzwa. Mazoezi yakafanywa pale pale kazini, dakika tatu mpaka tano tu, kila juma. Katika mwaka mmoja, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hata 7.2 katika kila watoto 1,000. Tena, waliosuguliwa wakazidi, na waliohitaji mfuko wakapungua. Yamkini wengi waliamshwa mapema.

Sasa tumfikiri mkunga wa zahanati ya kijijini, Tarime au Serengeti, aliye peke yake usiku. Huenda akakaa miezi mingi asimwone mtoto asiyepumua, na mikono yake ikasahau. Kumwita mjini kwa semina ya siku moja, kisha kumrudisha na cheti, kwawapendeza sana waandikao taarifa. Sisi twaona afadhali apelekewe sanamu huko huko aliko, na msimamizi apitaye amwombe aonyeshe mbele yake, mara kwa mara. Sanamu yenyewe hujazwa maji ili iwe na uzito wa mtoto. Ikiisha kazi humwagwa maji, ikakunjwa, ikaingia mkobani.