Ulizo Linalojirudia na Amri za Kujumlisha katika Hifadhidata

Wanaisimu wanafahamu kuwa a-unganifu katika Kiswahili yaweza kujirudia pasipo kikomo: jirani wa dada wa rafiki wa mgonjwa. Lugha ya SQL, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1970, ilipewa uwezo wa namna hiyo katika kiwango chake cha mwaka 1999, kwa amri WITH RECURSIVE. Makala haya yanakusudia kueleza matumizi yake kwa mfano ulio karibu nasi.

Mlipuko wa Ebola uligunduliwa Mangina, karibu na Beni, ukatangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3470 walikuwa wameugua, na 2287 kati yao wamefariki. Kazi kubwa ilikuwa kufuata minyororo ya maambukizo.

Tuchukue jedwali lenye namba ya kila mgonjwa, namba ya aliyemwambukiza, na eneo la afya. Ulizo la kawaida hutaja walioambukizwa na mgonjwa wa 1, likaishia hapo. Ulizo linalojirudia lina sehemu mbili. Ya kwanza, yaani msingi, humchagua mgonjwa wa 1. Ya pili huwaleta wote ambao aliyewaambukiza amekwisha kupatikana. Nayo hurudiwa hadi pasipatikane mstari mpya. Ikiwa kwa kosa la mwandishi wa 1 ameambukizwa na wa 5, naye wa 5 na wa 1, UNION itaacha mistari iliyokwisha kutokea, bali UNION ALL haitakoma.

Amri za kujumlisha, kama COUNT na SUM, hugeuza mistari mingi kuwa jawabu moja. GROUP BY hutoa jawabu kwa kila eneo: Beni, Katwa, Mabalako. Kwa kawaida haziruhusiwi ndani ya sehemu inayojirudia, kwani jumla haijulikani kabla mnyororo haujaisha. Basi tukusanye kwanza, kisha tuhesabu.

Jambo la mwisho ndilo zito. Mgonjwa ambaye aliyemwambukiza hajulikani huandikwa NULL, nayo si sifuri. Hata tukianzia kwa nani, ulizo halimfikii kwa kupitia mtu mwingine. COUNT(*) humhesabu, COUNT ya safu ya aliyeambukiza humruka. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni idadi ya wagonjwa ambao asili ya ugonjwa wao bado haijaandikwa, na nyuma ya kila mmoja wao huenda kuna mnyororo ambao hakuna anayeufuata.