Njia ya Mtoni Lodwar na Mti Uliopitia Bamburi

Wasomaji wetu wa Mombasa wanaijua misitu ya Bamburi, ambako familia hutembea siku za mapumziko. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu yasiyo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu humo miche ya aina 26. Zikaishi aina tatu tu, mvinje na mnazi zikiwamo. Majani ya mvinje yakaanguka wala yasioze, mpaka wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza udongo. (Kina mama wanaowafagia majongoo uani nawawasamehe kidogo.)

Mwaka 1973 machimbo yayo hayo yakapokea mgeni mwingine, mti wa miiba uitwao mathenge. Miaka ya 1980 ukasambazwa katika nchi kame ili kuzuia jangwa, Turkana ikiwamo, na huko ndiko tulikoonana nao.

Mto Turkwel hutoka Mlima Elgon, hupita Lodwar, ukaishia Ziwa Turkana. Katika mji wa jua kali kama ule, ukingo wa mto ndio baraza la watu. Pana vivuli vya migunga na mikoma, na wanawake hukata majani ya mikoma wakasuka vikapu, kama bibi zetu wasukavyo ukili. Lakini tulipotaka kuufuata mto baada ya sala ya Alasiri, tulikuta vijia vimezibwa na mathenge. Miiba yake hupenya kandambili. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni hawezi kuinama apite chini yake, basi huzunguka mbali. Nasi tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani.

Hatuulaani mti. Hutoa kuni na makaa, na kwa wanawake wa Kakuma wanaohangaikia kuni jambo hilo si dogo. Tofauti ni kwamba Bamburi walikuwapo watu wa kuitazama miche kila siku, ilhali huku mti uliachwa ujiendee. Ukikatwa, huchipua tena kisikini. Kwa hiyo siku moja ya usafi yenye kupigwa picha haifui dafu. Wanatakiwa watu wa kudumu, wenye mashoka, glavu na ujira, watakaorudi kila baada ya mvua. Na kina mama ndio wa kuulizwa kwanza kijia kipi kifunguliwe, maana wao ndio wajuao ndoo hupita wapi.