Kutoka Luano hadi N'djili: tunatafsiri umbali gani?

Kati ya uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, na ule wa N'djili, Kinshasa, kuna kilomita 1,550 hivi. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, sisi tunaosomea tafsiri hatuwezi kuridhika nalo kabla ya kujua umbali huo umepimwa vipi. Naona mitego mitatu inayomngoja anayeutoa katika Kifaransa na kuutia katika Kiswahili.

Mtego wa kwanza ni njia yenyewe. Kilomita 1,550 ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na mtu yeyote anaweza kuikokotoa. Kutoka Luano hadi N'djili, latitudo inatofautiana kwa digrii 7.2. Kila digrii ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo tunapata kilomita 800 kuelekea kaskazini. Longitudo inatofautiana kwa digrii 12.1, yaani karibu kilomita 1,330 kuelekea magharibi. Kanuni ya Pythagoras inatupa 1,550. Ndege yenyewe huruka zaidi ya hapo, kwa sababu hufuata njia za anga zilizopangwa na hukwepa mawingu ya dhoruba. Kwa barabara, safari hiyohiyo inapita kilomita 2,000. Basi «umbali» peke yake hautoshi: ni umbali wa mstari mnyoofu, wa ndege, au wa barabara?

Mtego wa pili ni maili. Marubani hupima kwa maili ya baharini, yenye mita 1,852. Maili ya nchi kavu ina mita 1,609 tu. Kwa rubani, Kinshasa iko maili 837 kutoka hapa. Mfasiri akidhani ni maili za nchi kavu, atapata kilomita 1,347, na abiria wake watakuwa wamebakiza kilomita 200 kufika. Kifaransa kinaongeza utata, maana neno *mille* ni maili na pia ni elfu. Sarufi inatusaidia: *mille* ya elfu haichukui kamwe *s* ya wingi, lakini ile ya maili huichukua. Herufi moja inaamua maana.

Mtego wa tatu ni saa. Watu husema Kinshasa iko «saa mbili kwa ndege», na hapo muda umechukua nafasi ya umbali. Lakini saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ndege ikiondoka Luano saa nne asubuhi na kuruka saa mbili kamili, itatua saa tano kwa saa ya Kinshasa. Ikirudi kwa mwendo uleule, ikaondoka saa nne ya huko, itatua hapa saa saba mchana. Anayetoa tu saa ya kuondoka katika saa ya kufika atasema kwenda ni saa moja na kurudi ni saa tatu, ilhali anga ni ileile.

Kwa hiyo ninapendekeza desturi moja katika kazi zetu: tusiandike namba ya umbali bila kutaja njia na kipimo chake. «Kilomita 1,550 kwa mstari mnyoofu» ni maneno marefu kidogo, lakini msomaji hatalazimika kukisia.