Je, Wajua? Hata mlango wa sanduku la umeme huunganishwa na ethi

Mlango wa chuma wa sanduku la kugawia umeme, ukibeba swichi, taa au mita, huunganishwa na ethi (ardhi) kwa waya wake wenyewe. Bawaba pekee hazitegemewi, kwa kuwa rangi na kutu huweza kuzuia mkondo kupita. Waya huo huwa wa shaba yenye nyuzi nyingi nyembamba, ili upinde bila kukatika kila mlango unapofunguliwa. Rangi yake ni kijani na njano.

Uwezo wa sanduku kuzuia vumbi na maji huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza huhusu vitu vigumu, ya pili maji. IP2X (X ni tarakimu isiyotajwa) huzuia kidole. IP4X huzuia hata waya wa milimita 1. IP54 hustahimili maji yanayoruka kutoka kila upande, na IP65 haipitishi vumbi kabisa. Kinga hiyo hushikiliwa na mpira wa ukingoni. Mpira ukipasuka, au tundu likitobolewa bila kuzibwa, kinga hupotea.

Mlango ambao ukifunguliwa huacha wazi sehemu zenye umeme, sharti ufungwe kwa ufunguo au zana. Katika masanduku ya nyumbani, kifuniko cha ndani huacha vishikio vya breka tu, ili anayewasha asiguse nyaya. Nje hubandikwa pembetatu ya njano yenye alama nyeusi ya radi.