Kuketi Darasani bila Kuandikwa

Mwana wa jirani yetu alitujia siku moja baada ya sala ya alasiri, naye ana jambo lililomwelemea. Amemaliza masomo ya sekondari. Alama zake hazikutosha kumpatia nafasi katika Chuo Kikuu, na hata kama zingalitosha, nyumbani hapakuwa na ada. Basi akashika kazi ya kutengeneza simu katika kibanda kilicho karibu na chuo. Siku moja akafuatana na rafiki yake mpaka ukumbi wa mihadhara, akasikiliza somo la historia ya uchumi, akalipenda. Wiki ya pili akarudi peke yake. Hata alipotueleza habari hizi alikuwa amekwisha kuhudhuria miezi miwili, akiketi safu ya nyuma na daftari lake, wala hapana aliyemwuliza yeye ni nani.

Mama yake alipopata habari hakufurahi. Alimwambia, "Mwanangu, kiti kile kimelipiwa na mzazi wa mtu. Wewe nani aliyekupa?" Kijana hakuwa na la kujibu. Ndipo akaja kwetu na swali lake: "Maalim, je, mimi ni mwizi?"

Wako watakaomkemea upesi, na wako watakaomsifu upesi, na wote hao hawajalitazama jambo lenyewe. Sisi tulimwomba atupe siku chache.

Yafaa kukumbuka kwamba kijana huyu amekulia katika desturi nyingine. Darsa ya msikitini haina daftari la kuandikisha watu. Sheikh huketi, kitabu hufunguliwa, na mchuuzi wa samaki hukaa ubavuni mwa mwanafunzi aliyetoka mbali kwa ajili ya kitabu hicho hicho. Mwenye kuondoka mapema huondoka. Kwa hiyo mtoto wetu akiingia katika ukumbi ulio wazi akaketi, hadhani kwamba amevunja jambo. Amefanya lile alilomwona baba yake akilifanya kila Ramadhani.

Lakini tusidhani kwamba wazee wetu, kwa kuwa waliuacha mlango wazi, waliyaacha mambo ovyo. Katika mji wa Damascus, baina ya karne ya 12 na ya 14, vitabu vya hadithi na vya tarikh vilisomwa kwa sauti mbele za watu, na baada ya kusoma mwandishi aliandika katika kurasa za kitabu chenyewe majina ya waliosikiliza, pamoja na mahali na tarehe. Maandishi hayo huitwa samaa, na mengi yamehifadhika hata leo. Ndani yake wamo maulamaa wakubwa, na pamoja nao mafundi, wafanya biashara, wanawake, watumwa na watoto. Aliyekosa sehemu ya kitabu iliandikwa kwamba sehemu ile hakuisikia. Hata aliyesinzia, au aliyekuwa akizungumza na mwenziwe, aliweza kutajwa. Na mtoto aliyekuwa chini ya miaka mitano hakuandikwa kwamba "alisikia", bali kwamba "alihudhuria" tu.

Twaupenda sana unyofu wa waandishi hao. (Ni nani miongoni mwetu angependa usingizi wake uandikwe pembeni mwa kitabu, ukasomwe na watu baada ya miaka mia nane?) Walimpokea kila mtu, kisha wakamwandikia kila mtu kile alichokipata, bila kuzidisha.

Sasa tazama tofauti iliyopo. Kule kuandikwa kulikuja baada ya kusikia. Katika Chuo Kikuu cha leo kusikia kwaja baada ya kuandikwa. Jina lako liwe kwa Msajili, ada iwe imelipwa, ndipo kiti kiwe chako. Wala sababu yake si ubahili mtupu. Ukumbi una viti vya kuhesabika, maabara ina vyombo vya kuhesabika, mwalimu ana karatasi za kusahihisha mpaka usiku, na mwisho wake chuo hutoa shahada ambayo kwayo watu watamwamini daktari na mhandisi.

Hata hivyo vyuo vya Ulaya navyo viliacha mlango wa pembeni kwa mtu aitwaye msikilizaji. Twapenda kueleza habari za mmoja aliyeingia kwa mlango huo, kwa kuwa zamhusu kijana wetu.

Mwaka 1900 Emmy Noether, binti wa miaka 18, alitaka kusoma katika Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, mahali alipokuwa baba yake akifundisha hesabu. Miaka miwili nyuma baraza la chuo hicho lilikuwa limetamka kwamba kuwaingiza wanawake kungeangusha utaratibu wote wa chuo. Basi binti wa profesa hakukubaliwa kuandikwa. Aliloruhusiwa ni kusikiliza, tena kwa sharti la kumwendea kila mwalimu na kumwomba idhini. Katika wanafunzi 986 wanawake walikuwa wawili tu. Fikiri, ndugu msomaji, kubisha mlango baada ya mlango, na kila mmoja waweza kufungwa usoni pako!

Alisikiliza hivyo Erlangen, kisha akasikiliza kwa muda huko Göttingen, na mwaka 1904 sharti lilipobadilika Erlangen akaandikwa kama wengine. Mwaka 1907 akapata udaktari wa hesabu. Kanuni aliyoitoa mwaka 1918, juu ya uhusiano wa ulinganifu wa maumbile na vitu visivyopotea kama vile nishati, wanafizikia waitegemea hata leo. Na jambo la kuchekesha lenye uchungu ndani yake ni hili: alipoanza kufundisha Göttingen, kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Profesa David Hilbert, maana mwanamke hakuwa na haki ya kufundisha. Aliyeketi bila kuandikwa akasimama kufundisha bila kuandikwa.

Ufaransa wako waliokwenda mbali zaidi. Collège de France ya Paris, iliyoasisiwa mwaka 1530, haitoi shahada, na mihadhara yake ni wazi kwa kila mtu, bila ada wala kuandikishwa. Hapo ndipo Louis Massignon alipofundisha habari za jamii za Kiislamu tangu 1926 hata 1954, na yeyote aliyepita njiani aliweza kuingia akamsikiliza. Na siku hizi mihadhara mingi ya vyuo hupatikana katika intaneti; lakini kijana wetu asema kwamba simu humsinzisha, na ukumbi haumsinzishi. Twamwamini.

Jawabu letu lilikuwa hili. Maneno yaliyosemwa mbele ya watu mia tatu hayapungui akiyasikia mtu wa mia tatu na moja. Kwa hayo wewe si mwizi. Lakini kiti chaweza kupungua, na karatasi zinazogawiwa zapungua, na wakati wa mwalimu wapungua ukimwuliza maswali ambayo wenziwe wameyalipia. Tena mwalimu anadhani kwamba wote walio mbele yake ni wanafunzi wake, nawe umemwacha adhani hivyo miezi miwili. Mwendee. Na popote utakapoulizwa umesoma wapi, usiseme "nimesoma Chuo Kikuu". Sema ulisikiliza.

Kijana akatutazama. "Na akinikataa, Maalim?"

Tukamwambia, akikukataa utaondoka. Akainama, na tuliona wazi kwamba ni kana kwamba tumemwambia auze alicho nacho. Zikapita wiki mbili asiende kokote, si kwa mwalimu wala ukumbini.

Hatimaye akaenda. Mwalimu alimtaka daftari lake, akalifunua kurasa nyingi pasipo kusema neno, akasahihisha kwa kalamu yake mwaka mmoja ulioandikwa vibaya. Kisha akamwambia kwamba aweza kuja, ila mwanafunzi wa chuo akikosa kiti, yeye asimame. Mama yake alipoelezwa hayo alikwenda mwenyewe kununua daftari jipya. Jumanne iliyofuata ukumbi ulijaa, na kijana alisikiliza saa nzima akiwa ameegemea ukuta.