Kabla Fedha ya Korosho Haijawa IST

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na malipo kuanza kuingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi, gari huwa mazungumzo ya kila baraza Nanyamba. Mwalimu anayelala hapa na kufundisha Mtwara mjini analitaka. Mkulima wa Njengwa aliyechoka kupigwa na vumbi juu ya bodaboda naye analitaka. Madalali wanaijua kalenda hiyo, na muuzaji aliyekuwa tayari kupunguza bei mwezi Agosti hasogei hata kidogo ikifika Novemba. Ushauri wangu wa kwanza, kwa hiyo, unahusu muda. Anayeweza kusubiri asubiri hadi Februari, ada za shule zikishalipwa na walionunua kwa pupa wakianza kutafuta wateja.

Wa pili unahusu fedha. Mwenye shilingi milioni 12 asitafute gari la milioni 12. Atafute la milioni 9 au 9 na nusu, na kiasi kinachobaki akiweke kwa ajili ya uhamisho wa kadi, bima, matairi, oili zote, betri na marekebisho nitakayoyaeleza. Gari la mtumba halijawahi kuuzwa likiwa limekamilika. Kipato cha korosho huja mara moja kwa mwaka, na kabla ya msimu mwingine kuna salfa ya kupulizia mikorosho. Gari lililonunuliwa kwa senti ya mwisho huegeshwa chini ya mwembe ifikapo Mei, na sababu yake mara nyingi ni kifaa cha laki moja.

Gari gani? Kwa safari ya kila siku kati ya Nanyamba na Mtwara, watu wengi huchagua Toyota IST, Vitz, Passo au Probox, na wana haki. Sifa kubwa ya magari haya ni kwamba kila fundi ameshayafungua na vipuri vyake vipo. Vipuri vyetu vingi hutoka Dar es Salaam, na mwaka 2024 tuliona barabara ya Kusini ikikatika kwa mvua za Aprili na kisha za kimbunga Hidaya mwezi Mei. Mwenye gari lenye kipuri cha kuagiza alikwama, wakati mwenye IST aliweza kupata cha mtumba hapa hapa Mtwara.

Tofauti za ndani ya majina hayo ni muhimu kuliko majina yenyewe. Tazama namba ya chasi. IST ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ikianza na NCP60 ina injini ya sisi 1300, na NCP61 ni ya sisi 1500. Vitz yenye KSP90 na Passo yenye KGC10 zina injini ya sisi 1000, silinda tatu. Injini hiyo hula mafuta kidogo mtu akiwa peke yake, lakini ukiijaza watu watano na mizigo ikapanda kutoka bondeni Kitaya, huwa inakanyagwa hadi mwisho na nafuu yote ya mafuta inapotea. Kwa familia ninapendekeza 1300 au 1500. Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini kwa lami, 1000 inatosha kabisa.

Usinunue herufi za kibao. Sokoni watu husifia “namba D” na “namba E” kana kwamba ni umri wa gari. Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la mwaka 2004 linaweza kuwa na namba E, na la mwaka 2006 likawa na namba C na likawa limetunzwa vizuri zaidi. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi. Kilomita za dashibodi nazo zisikushawishi, kwa sababu hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama pedali ya breki iliyolika mpira, usukani uliong'aa kwa mikono na kiti cha dereva kilichobonyea. Gari lenye dalili hizo haliwezi kuwa limetembea kilomita 60,000 tu, hata dashibodi ikisema hivyo.

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, omba karatasi ya mnada. Alama ya 4 au 3.5 ni ya kawaida kwa gari zuri lililotumika, ilhali R au RA maana yake limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kisha piga hesabu kwa kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha, kwa kuwa juu ya ushuru wa forodha na VAT kuna ushuru wa ziada kwa gari lililozidi umri fulani, na viwango huweza kubadilika kila bajeti mpya inapopitishwa.

Sasa ukaguzi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika, maana injini ya moto huficha mengi. Shika boneti, na kama ina joto, rudi kesho. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa. Maji yawe na rangi ya kulanti, yasiwe na kutu wala mafuta juu yake. Fungua mfuniko wa oili, na ukiona utando kama maziwa, maji na oili vimekutana. Geuza ufunguo bila kuwasha na uhesabu taa za dashibodi. Taa ya injini lazima ionekane kisha izime gari likishawaka. Isipoonekana kabisa, kuna aliyeing'oa ili isikusumbue wewe. Likiwaka, nenda nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mstari wa tope uliokauka kule ndani unakwambia gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko, hata kama zulia limeoshwa likanukia. Lala chini utazame chasi, hasa kama gari limekaa Mikindani au Msimbati, kwani upepo wa chumvi hula chuma kuanzia chini wakati rangi ya juu bado inameta. Gonga kwa bisibisi, nayo ikizama, ondoka.

Kwenye gari la otomatiki, kanyaga breki uingize R kisha D. Gia iingie ndani ya sekunde moja au mbili bila kupiga teke. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. IST ya kwanza ina gia boksi ya kawaida ya gia nne, lakini Vitz nyingi za kuanzia 2005 na IST ya kuanzia 2007 zina gia boksi ya CVT, yenye mkanda wa chuma usiotumia oili sawa na ya otomatiki ya kawaida. Fundi akimwaga oili yoyote nyekundu aliyonayo dukani, mkanda huanza kuteleza na gia boksi inakufa. Muulize muuzaji aliweka oili gani na lini. Asipojua, hesabu kwamba utaibadilisha yote mwenyewe, na upunguze bei kwa kiasi hicho.

Mwisho liendeshe mpaka kwenye vumbi. Kata kona usukani ukiwa umeishia. Mlio wa “tak-tak-tak” gurudumu la mbele unatoka kwenye shafti ya upande huo. Lipitishe kwenye mawimbi ya barabara polepole, redio ikiwa imezimwa, usikilize bushi na shokapu.

Karatasi hazina maelezo marefu. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba za chasi na injini zilingane na chuma chenyewe, deni la faini za trafiki liangaliwe kwa namba ya gari, na mkataba uandikwe mbele ya wakili. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA. Kisha uhamishe umiliki TRA mara moja, usiendeshe miaka kwa kadi ya mtu.

Nije kwenye marekebisho, ambako vijana wetu hutumia fedha nyingi mahali pasipohitaji. Jambo la kwanza kufanya halionekani kwa macho ya jirani: rudisha thamostati. Mafundi wengi wa ukanda wa joto huing'oa, wakiamini kwamba nchi yetu haina baridi na kwamba bila hiyo maji yatazunguka vizuri. Nia ni njema lakini matokeo ni mabaya. Injini hizi zimetengenezwa zifanye kazi maji yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 90 na kitu, na thamostati ndiyo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla ya hapo. Ikiondolewa, ukiwa kwenye lami kwa mwendo wa 80, upepo huipoza injini kupita kiasi. Kompyuta husoma kwamba injini bado ni baridi, nayo huongeza petroli kila dakika ya safari. Oili nayo haipati moto wa kukausha unyevu, ikachafuka upesi. Baadhi ya magari haya hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu inayozimika injini ikipata moto. Kama ya kwako inakaa imewaka kilomita kadhaa, hapo ndipo pa kuanzia. Kwa gari linaloelekea kuchemka, shida huwa kwenye feni, rejeta iliyoziba, mfuniko wa rejeta uliochoka au maji ya kisima yaliyowekwa badala ya kulanti. Mfuniko ule hushikilia shinikizo ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100, na bei yake haifanani kabisa na ya gasketi ya injini inayoungua gari likichemka.

La pili ni matairi. Soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka minane lenye kashata nzuri bado ni tairi bovu. Kwa njia za vumbi unaweza kupanda saizi moja tu. Ikiwa kibandiko cha mlangoni kinasema 175/65R14, tairi la 175/70R14 huinua gari karibu milimita 9 na kuongeza ubavu wa kupokea mashimo, na spidi mita itasoma pungufu kwa asilimia 3 hivi. Ukizidisha hapo, tairi hugusa matao na injini ndogo huchoka kulizungusha.

La tatu ni kimo. Lami ya kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata imetuokoa sana, na kazi ya kuiendeleza kuelekea Newala na Masasi ilishaanza, lakini njia za kuingia vijijini bado ni mchanga na mifereji ya mvua. Spesa ya inchi moja juu ya shokapu inatosha, ikifuatiwa na alaimenti na kushusha mwanga wa taa za mbele. Zaidi ya inchi mbili, shafti hukaa kwa pembe isiyo yake, mipira yake huchanika, mchanga huingia. Fedha ya inchi ya pili itengenezee bamba la chuma la kukinga sampu ya oili. Jiwe moja kwenye sampu humwaga lita zote tatu na ushei za oili, na dereva asiyeiona taa nyekundu kwa wakati amepoteza injini.

Filta ya hewa iangaliwe kila mwezi wakati wa kiangazi na ibadilishwe ikijaa. Isioshwe kwa petroli, wala isiondolewe kuwekwa ile ya wazi yenye umbo la koni, kwa sababu vumbi letu jekundu laini hupita humo na kusaga silinda. Taa za LED kali zilizochomekwa kwenye kioo cha balbu ya kawaida humpofusha anayekuja mbele, na usiku barabara ya Mtwara ina baiskeli nyingi zisizo na taa. Rimu pana, spring zilizokatwa, eksozi ya kelele: sioni faida hata moja kwa mtu wa Nanyamba.

Nisisitize mzigo. Gunia la korosho huwa na kilo 80 hivi, kwa hiyo magunia manne ni sawa na watu watano wazima. Ukiyaweka nyuma ya IST kisha ukapakia abiria, spring na breki zimebebeshwa mara mbili. Mwenye kazi ya mizigo anunue Probox, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na ukishuka Kitaya na mzigo, weka gia ya 2 au L injini isaidie kushikilia gari, maana breki zilizopata moto hazishiki.

Wengi wananiuliza kuhusu kufunga mfumo wa gesi, na swali ni halali. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 hapa hapa mkoani kwetu, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Lakini vituo vingi vya kujazia magari viko Dar es Salaam, na mtungi huchukua sehemu kubwa ya buti. Mamlaka zinazohusika zituletee kituo cha umma barabarani Mtwara, mkoa unaotoa gesi unastahili. Mpaka kijengwe, IST ya petroli ya sisi 1300, thamostati ikiwa mahali pake na bamba la chuma chini ya sampu, ndiyo gari la kununua Nanyamba.