Raba Nzuri: Ya Macho au ya Mguu?

Siku ya sikukuu watazameni vijana wetu wakishuka milimani kwenda kanisani. Miguuni wana raba fupi nyeupe, zile zinazoishia chini ya kifundo. Kwa kweli zinapendeza. Zinafaa kwa suruali, zinafaa kwa gauni, na wanakwaya wengine wamezifanya sare. Lakini baada ya Misa utawakuta baadhi yao wamekaa majanini, raba mkononi, wakitazama malengelenge.

Jirani yangu alimnunulia binti yake raba za namna hiyo mnadani. Zilikuwa ndogo kwa namba moja, ila nyeupe pe, na bei aliimudu. “Zitatanuka,” alisema. Mtoto akatembea kilometa saba kwenda kupokea Kipaimara, akafika akichechemea. Kidonda cha kisigino kikatunga usaha, na wiki nzima hakwenda shule. Fedha ya raba na fedha ya zahanati zikatoka mfuko mmoja.

Yafaa tujue asili ya viatu hivi. Huko Marekani, kampuni ya Converse ilianza kutoa All Star fupi mwaka 1957, kwa wachezaji wa mpira wa kikapu. Soli yake ni mpira bapa, na ndani hamna sponji nyingi. Sakafuni pa uwanja wa michezo inashika vizuri. Juu ya mawe ya njia zetu, mguu huhisi kila kokoto.

Kiatu kizuri kinachobana si kiatu. Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia aliona viatu alivyopewa vinamuumiza. Akaviacha, akakimbia marathoni miguu mitupu, akashinda. Mwaka 1964 mjini Tokyo alivaa viatu vilivyomkaa, akashinda tena. Hakukataa viatu, alikataa maumivu.

Basi ukienda Mwanjelwa mjini Mbeya, au sokoni Iringa, fanya hivi. Nenda alasiri, maana mguu huvimba kidogo mchana. Mpeleke mtoto mwenyewe. Usipime kwa kijiti. Avae soksi, avae raba zote mbili, asimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Mwambie atembee, ukitazama kama kisigino kinachomoka. Ikunje raba: ikunjike penye vidole, si katikati. Kwa mtumba, ingiza mkono ndani utafute mshono uliofumuka na soli iliyolika upande mmoja, kwa kuwa hiyo imeshafuata mguu wa mwingine. Soli ikiwa nyembamba, ongeza soli laini ya ndani, lakini uipime pamoja na raba.

Tena, raba za turubai hulowa upesi katika mvua zetu. Zijaze karatasi za gazeti hili, ukiisha kulisoma, uzianike kivulini. Usiziweke karibu na moto, gundi itabanduka.

Sisemi mtoto avae kiatu kibaya. Kupendeza siku ya sikukuu ni heshima, na kijana anayechekwa huumia pia. Ila pima mguu kwanza, ndipo uchague rangi. Kama fedha ni ya jozi moja tu, nunua ile ya kumfikisha kanisani na kumrudisha nyumbani akiimba. Wazee walisema: mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Basi wazazi, tuwaulize watoto, na tuwasikilize.